Matembezi Yanayoishia Mlangoni

Barabara ya Blarney, Cork
9 Oktoba 2018

Mdogo wangu Colman,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Buffalo, Amerika, na theluji haijaanza kuwafukia. Huku kwetu ni ile mvua isiyonyesha wala kuacha. Nisalimie wifi yangu Lorraine, mwambie namuulizia. Binti wa binamu yetu Gerard ameolewa Mallow na mwanamume mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Paa la jikoni linavuja palepale pa siku zote. Kaburi la Mama nimeliwekea jiwe jipya na kazi ni nzuri, ingawa fundi alinichosha.

Tulikubaliana kuandikiana kwa sababu kwenye simu hatuongei muda mrefu kabla mmoja hajamkatia mwenzake. Basi nimekaa naandika, na mkono nao umechoka kama vitu vyangu vingine.

Msimu umeisha Jumamosi. Huu ni mwaka wa tisa wa matembezi yangu. Nilianza na wageni wanne na mwavuli mmoja, bila benki, bila halmashauri ya jiji, na, niseme kweli, bila kaka. Mwaka huu wamepita wageni elfu moja na mia mbili, na wote nimewatembeza mwenyewe. Tunaanza sokoni na matumbo ya kuchemshwa kwa maziwa na vitunguu, pamoja na soseji ya damu, halafu jibini, halafu mayai yaliyopakwa siagi. Tunapanda kilima cha Shandon nawaeleza soko la siagi lilivyolisha nusu ya dunia, kisha tunashuka tukipitia baa tatu, ya mwisho ikiwa ya Mena Cotter. Jumamosi walikuwa kumi na wanne. Wanane walikataa matumbo, wawili walikula huku wamefumba macho, na mama mmoja wa Ohio aliomba afungiwe ya kwenda nayo hotelini. Mtu kama huyo ndiye anayenifanya niamke asubuhi.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Mguu unanisumbua kidogo na daktari anataka nipumzike msimu mmoja. Kuna kampuni ya Dublin inayoitolea macho njia yangu. Wachuuzi wa sokoni ndio wanaoniwekea nafasi ya saa tano asubuhi, na wameniambia bila ubaya: "Assumpta, Mei ikifika tusipokuona, nafasi tunampa atakayekuja." Wao nao wana biashara. Nisipopata mtu kufikia Mei, miaka tisa imekwenda na maji.

Wewe una miaka hamsini na nane na bado unapiga lipu juu ya ngazi za watu. Unaujua mji huu, na mdomo unao, ulikuwa nao tangu utoto. Njoo unishikie msimu mmoja. Chumba chako kipo.

Dada yako,
Assumpta

---

Buffalo
2 Novemba 2018

Dada,

Barua nimeipata. Nimefurahi kusikia habari za jiwe la Mama. Pole kwa mguu. Huku theluji imekuja mapema na mimi ni mzima, mgongo tu unalalamika kama kawaida.

Wageni elfu moja na mia mbili! Mama angesema unajisifu, kisha angemwendea kila jirani kumwambia. Ila kitu kimoja: usiwaambie siagi ilitengenezwa Shandon. Ilitengenezwa mashambani, ikaletwa Shandon kupimwa na kupangwa madaraja. Babu alikuwa fundi wa mapipa yake, na angefufuka kukusahihisha.

Kuhusu kuja, nitafikiria. Kuna kazi ya dari za shule moja hapa ambayo inaweza kufika kiangazi. Hujafikiria kumwajiri mtu? Mji umejaa vijana wenye midomo.

Jitunze.

Colman

---

Barabara ya Blarney
20 Novemba 2018

Mdogo wangu,

Salamu. Baridi imeingia, na juzi Padre alisema Misa ya kumbukumbu ya Mama. Kanisa halikujaa, lakini waliokuja walikuja kwa moyo. Hukunijibu habari za Lorraine. Ni mzima?

Siagi nimesahihisha. Naona dari za shule hazijakuzuia kunifundisha kazi yangu.

Ulisema nimwajiri mtu. Kabla hujasema nilikuwa nimeshamwajiri. Nilimchukua mwigizaji mmoja kutoka Dublin, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, nikamjaribu Jumamosi moja kwa kikundi cha walimu waliostaafu. Kufika kwenye mayai ya siagi, akawaambia wageni ni mayai ya kuchemsha yaliyokaangwa na siagi! Mwuza mayai akaweka kikapu chini. "Kijana," akamwambia, "hayo ni mabichi. Yanapakwa siagi yakiwa bado na joto la kuku, ndipo yanakaa wiki nyingi. Sasa moja nikikupasulia kichwani utaamini?" Walimu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Nikamlipa nauli yake ya treni arudi kwao. Mtu wa Dublin, ungetarajia nini.

Kwa hiyo ni wewe. Na usidhani ni kazi ya koo kukauka, labda hilo ndilo linalokuzuia. Kila baa, mwenye baa humpa kiongozi wa wageni glasi yake bure. Mimi na beji yangu ya Moyo Mtakatifu, ya walioapa kutokunywa, tangu Kipaimara sijaonja tone, basi miaka yote tisa glasi zangu amezinywa mtu mwingine. Zako zitakuwa zako: bia nyeusi kwenye baa ya kwanza, nyingine kwenye ya pili, na wiski nzuri kwa Mena kufungia siku. Glasi tatu kwa siku, siku sita kwa wiki. Niambie ni mpiga lipu gani Buffalo anayepewa hivyo. Mena amefurahi kusikia huenda ukaja. Anasema atakuwekea kile kiti cha pembeni, karibu na moto, alichokuwa anakalia Baba.

Jibu upesi. Wachuuzi wanauliza.

Assumpta

---

Buffalo
15 Desemba 2018

Dada,

Krismasi njema. Nimekutumia soksi nene kwa ajili ya mguu.

Mwambie Mena nashukuru, ila asijisumbue na kiti.

Kusema kweli sioni kama nitaweza. Daktari amenianzishia dawa za mgongo, ambazo hazipatani na vitu vingi. Na hizo dari bado. Mwigizaji wako alinichekesha hadi mwenzangu kazini akauliza nina nini.

Ukipata mtu mwingine mwema, mchukue. Usinisubiri mimi.

Colman

---

Barabara ya Blarney
14 Januari 2019

Colman,

Mwaka mpya huu hapa. Sisi ni wazima. Soksi zimefika, ni nzuri.

Leo sitazunguka. Wewe huwezi kuja, wala hutaki kusema kwa nini. Mara dari, mara mgongo, mara dawa. Mtu wa dari hawezi kunywa glasi tatu? Mwezi mzima nimekaa nalo, nikaona ni afadhali nilitoe, maana linanikaa rohoni tangu siku ya kumzika Mama.

Unajua vizuri ada yetu. Tukitoka makaburini, mtoto wa kiume wa nyumba ndiye anayeingia baa kwanza na kuwanunulia raundi waliobeba jeneza na waliochimba. Hakuna mtu anayefundishwa hilo. Hata wale wasiokuwa na kitu hukopa ili walifanye. Tukatoka makaburini, watu tukaenda kwa Mena, mimi nikawa naangalia mlango. Wanaume sita, mabega yamelowa, mikono imekufa ganzi kwa baridi, wamesimama mbele ya kaunta tupu.

"Colman yuko wapi?" akauliza Denny Riordan.

"Anakuja," nikasema.

"Amekwenda kuchimba kaburi jingine?"

Wakacheka, ila kile kicheko cha kuangalia chini. Tukangoja. Denny akaanza kuisoma kadi ya ukumbusho ya Mama kama gazeti. Mwishowe nikasimama mimi. Mimi, Colman, na beji kwenye kola ya koti, mwanamke ambaye hajawahi kuagiza hata bia moja maishani, naagiza bia sita nyeusi na wiski mbili, na Mena anaweka zile glasi polepole kama mtu anayemvalisha mgonjwa.

Wewe ulionekana nyumbani usiku, ukapanda juu kulala, na asubuhi ukaondoka na ndege. Wanasema Amerika imekufunga mkono. Kwa miaka miwili na zaidi nimekutetea, nasema ulishikwa na homa. Sijui nilikuwa namtetea nani.

Kama ni ubahili, sema ni ubahili. Kama ni kutuonea aibu, sema. Lakini sema, maana Mei inakuja na mimi sina mtu.

Assumpta

---

Buffalo
26 Februari 2019

Dada Assumpta,

Mimi ni mzima. Theluji imefika madirishani. Naanza na hayo kwa sababu Mama alisema barua isiyo na salamu ni ya polisi.

Siku ile nilikuwa hapo. Mbele ya duka la viatu, ng'ambo ya baa ya Mena, palikuwa na gari jekundu la kukodi. Nilikuwa ndani yake. Kioo kilijaa mvuke wa pumzi yangu nikawa nakifuta na tai. Kupitia dirisha la baa nilimwona Denny anaongea, nikakuona wewe unasimama. Nilitoka mara mbili hadi nikashika kitasa cha mlango wa Mena. Mara ya pili mtu alikuwa anatoka, ile harufu ikanijia usoni, nikarudi garini nikajifungia.

Nilikuwa na miezi mitatu tangu niache pombe. Mimi ni mlevi, Dada. Naliandika hapa mara moja ili lisibaki kuzungukwa. Ningeingia siku ile, nisingenunua raundi moja tu. Ningenunua zote, na wewe ungenitoa mimi kwa kubebwa, siku ya kumzika Mama, mbele ya wale sita. Nikachagua waniite bahili.

Lorraine aliondoka miaka minne iliyopita, na alikuwa na haki. Kila barua unamsalimia, kila barua naruka mstari. Yuko Rochester, ni mzima, huwa tunaongea Krismasi.

Barua yako ya Novemba ilifika jioni nimetoka kazini. Glasi tatu kwa siku, siku sita kwa wiki, na kiti cha Baba. Niliisoma nimesimama, nikatoka vilevile na viatu vya lipu nikaenda kwenye kikao cha wenzangu walioacha, nikakaa hadi wakazima taa. Hukujua. Sikulaumu.

Utauliza kwa nini sikusema. Kwetu mtu akisema hanywi anaulizwa anaumwa nini, na asiposema anaumwa nini, anawekewa glasi mkononi. Na kati ya watu wote wewe ndiye niliyetaka ajue mwisho. Wewe ulivaa beji kwa ajili ya ulevi wa Baba ukiwa na miaka kumi na miwili, ukaivaa hadi leo. Mimi nilishika glasi kwa ajili ya huyohuyo. Nilifikiri utasema: mimi niliweza, yeye kimemshinda nini.

Sasa zamu yako. Barua zote unasema mguu unakusumbua kidogo. Mtu mwenye mguu wa kidogo hatafuti wa kumwachia kazi. Una nini?

Sitaki kukudanganya kwamba naweza kuja. Natamani kuja. Ni vitu viwili.

Colman

---

Barabara ya Blarney
27 Machi 2019

Mdogo wangu Colman,

Sisi ni wazima, wote tuliobaki. Maua ya manjano yametoka ukingoni mwa mto. Barua hii imechelewa kwa sababu nilianza nyingine nne, na zote zilikuwa na maneno mengi. Motoni zimewaka vizuri.

Lile gari jekundu halinitoki. Nalifikiria ninapoosha vyombo. Barua yangu ya Novemba ichome.

Umeuliza, nakujibu. Si mguu, ni nyonga, zote mbili, na ya kulia imekwisha kabisa. Mwaka jana kuanzia Julai ile njia ya kupanda Shandon nilikuwa naipanda nikijifanya nawangoja wageni wapige picha. Wamepiga picha nyingi sana za ukuta. Ngazi za nyumba hii sijazipanda tangu Krismasi, nalala jikoni kwenye kochi la Mama, chini ya pale panapovuja. Hospitali wamenipa tarehe, 7 Mei, nikiikosa narudi nyuma kabisa ya foleni. Hayo sikuyaandika kwa sababu ungekuja kwa kunionea huruma, nami nilitaka uje kwa kazi.

Sasa sikiliza. Nimepanga njia upya. Zamani kinywaji kilikuwa kimetawanyika katikati, unaonja hapa, unakunywa pale. Nimekikusanya. Asubuhi yote ni chakula na historia: soko, jibini, mayai, kupanda Shandon, kushuka, barabara kuu iliyokuwa mto zamani, na milango ya juu ambako mashua zilikuwa zikifungwa. Hapo hakuna tone. Baa mbili nimezifuta. Wenyewe wamenuna, wameniita msaliti, mmoja amerudisha kadi yangu ya Krismasi mwezi Machi. Watapoa.

Kinywaji chote kinakwenda mwisho, kwa Mena. Wewe unawafikisha mlangoni, unawaaga, basi. Ndani anawapokea Mena mwenyewe, ambaye miaka thelathini anasimulia habari za wiski kwa walevi wasiosikiliza, sasa atasimulia kwa watu waliokuja kusikiliza. Hutavuka kizingiti. Nimeipitia njia nzima kwenye ramani kwa kidole, hakuna mahali utakapolazimika kuingia.

Mena nimemwambia kwamba hunywi. Zaidi ya hapo sikumwambia kitu. Akauliza, "Anaumwa nini?" Nikamjibu, "Anaumwa kuulizwa." Akasema kile kiti atakihamishia chumba cha juu. Denny Riordan sikumwambia lolote. Hilo ni lako, useme au usiseme.

Wachuuzi nimewaambia tarehe 8 Mei saa tano kuna Lucey wa nyumba yetu atafika. Sikuwaambia yupi.

Sikubembelezi. Ukiona huwezi, andika huwezi, nami nitaipigia kampuni ya Dublin kabla sijalazwa, wauguzi wasinikute nalia.

Dada yako,
Assumpta

---

Buffalo
11 Aprili 2019

Dada,

Nimeisoma kwa wenzangu kikaoni, ile sehemu ya "anaumwa kuulizwa". Walicheka hadi meno ya bandia yakamtoka mzee mmoja.

Nimekata tikiti. Nafika tarehe 2 Mei. Usije uwanja wa ndege na nyonga zako. Kitanda chako nakushushia chini siku hiyohiyo, kochi la jikoni liwe langu, na paa naliziba kabla ya kufungua begi. Cork kuna vikao vya watu kama mimi karibu na stesheni, nimeshauliza.

Ila naogopa. Sokoni kutatosha kunijaribu, na mji mzima ule una milango. Nikishindwa siku moja, na wewe uko hospitali?

Colman

---

Barabara ya Blarney
20 Aprili 2019

Colman,

Ukishindwa siku moja, Mena atamalizia wageni na wewe utalala. Kesho yake saa tano uko sokoni.

Njoo na viatu visivyopitisha maji. Vya Amerika ni vya kuangalia tu.

A.

---

Barabara ya Blarney
9 Mei 2019

Dada,

Natumaini mwili umeipokea nyonga mpya. Nampa Mena barua hii akuletee wodini, maana wanasema bado hushiki simu, nami nashukuru, tungeshagombana. Paa halivuji tena. Vitasa vya milango yako vyote vilikuwa vimelegea, nimevikaza.

Jana tumefanya. Wageni kumi na mmoja. Saa tano kamili niko sokoni na mwavuli wako, kinywa kimekauka kama chokaa. Mwuza matumbo akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Huyu ndiye yule wa Amerika?"

"Ndiye," mwuza mayai akamjibu. "Mkono umefunguka?"

"Umefunguka," nikasema. "Nipe matumbo ya watu kumi na mmoja, na usiweke vitunguu vya jana."

"Ee! Huyu ni Lucey kweli," akasema, akapakua. Saba walikula. Naona nimekupita, wako walikuwa sita kati ya kumi na wanne. Usikasirike, unaumwa.

Shandon niliwaeleza mapipa, Babu alivyokuwa akigonga ubao na kujua kwa sauti tu kama utavuja. Nilisahau mwaka wa kufungwa kwa soko la siagi, nikawaambia zamani sana. Hakuna aliyekufa. Denny Riordan tulikutana darajani. Akasema, "Colman." Nikasema, "Denny." Akataka kuendelea na safari, nikamshika mkono wa koti, nikamwambia siku ya Mama sikuingia kwa sababu nilikuwa nimeacha pombe na sikujiamini. Wageni wote wanasikiliza, wanadhani ni historia. Denny akatazama mto. "Ungesema, mjinga wewe," akaniambia. "Tungekunywa chai." Akaenda zake.

Tukafika kwa Mena. Mvua imeanza ile ya kwetu. Mena akafungua mlango, mimi nikasimama nje kama ulivyopanga, nikawaaga, wakaanza kuingia. Mwanamume mmoja wa Rotterdam, mkubwa kama kabati, akabaki.

"Wewe huingii?"

"Siingii. Sinywi."

Sikujua kwamba maneno hayo yanachukua muda mfupi hivyo. Yule Mholanzi akavuta pumzi.

"Mimi pia," akasema. "Mwaka wa sita. Tangu asubuhi nilikuwa natafuta kisingizio, nilitaka kusema tumbo, kwa sababu ya yale matumbo."

Nyuma yake dada mmoja wa Lyon mwenye mimba naye akarudisha mguu nje, na mama yake akamfuata, akisema bia nyeusi aliionja mara moja na mara moja inatosha. Basi nikawa na watu watatu barabarani, na ratiba yako imekwisha, na mvua inazidi. Hatukuwa na pa kwenda. Tukajibana chini ya kile kipande cha paa mbele ya duka la viatu, nikawasimulia kila nilichokijua kuhusu barabara ile, hadi nane wa ndani walipotoka wakiimba. Nimerudi nyumbani nimelowa hadi soksi. Nimechoka kuliko dari yoyote. Leo tena saa tano.

Colman

---

Hospitali, wodi ya mifupa
11 Mei 2019

Colman,

Nyonga ipo. Inauma, ila inauma kiaskari, kwa mpangilio. Mwanamke wa kitanda cha pili anakoroma na kusali kwa zamu.

Soko la siagi lilifungwa 1924. Andika mkononi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nikaanza kufikiri. Watatu kati ya kumi na mmoja ni zaidi ya robo. Kama ni robo kila siku, basi kati ya wale elfu moja na mia mbili wa mwaka jana, mia tatu hivi niliwaingiza mle ndani hawataki, wakashika glasi kwa adabu, nami nimesimama katikati yao na maji yangu, nikijiona peke yangu.

Lile duka la mikate upande wa pili, baada ya duka la viatu, lina chumba nyuma kisichotumika mchana, kinawatosha wasiokunywa. Mwenyewe ni Kitty Desmond, mgumu, atakwambia hawezi. Usimwombe, mwambie tu idadi, kisha nyamaza umwache ajumlishe mwenyewe. Chai, skonzi, siagi ya maana, na viti vyenye mgongo, maana nikitoka hapa nitakuwa nakaa huko na wewe.

Nenda leo, usingoje Jumatatu. Na mwambie awashe jiko mapema, watakuja wamelowa.

Assumpta